Mahali Pasipo na Hadithi

Ukitoka hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi, kwa miguu kuteremka chini, ukishawapita mafundi cherehani na mama wa mihogo ya kukaanga, utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya matofali. Zamani ulikuwa ubavu wa lori la korosho, na mpaka leo una maandishi mekundu yasemayo USIKATE TA, kwa kuwa aliyeukata kwa msumeno hakujisumbua kusoma kwanza. Hapo ndipo Kijiwe cha Kibao. Jua la mchana huwafukuza wenyewe, na ikifika saa nane, kivuli cha duka la vipuri kikishalala juu ya ubao, wanarudi mmoja mmoja: Husseni, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, Anthony, karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika, anayeitwa Profesa kwa ajili ya miwani na methali zake, na Petro, aliyeteremka kutoka Newala miaka kumi na miwili iliyopita na bado anaitwa Mgeni. Nurdin huwamiminia kahawa. Pembeni kidogo, juu ya kigoda, baiskeli ikiwa imepinduliwa magurudumu juu mbele yake, hukaa fundi Bwanali. Yeye wanamwita Spoku, kama zile njiti za gurudumu.

Jina hilo la Spoku lina umri wa miaka miwili tu. Kabla yake aliitwa Baba Zabibu, kama anavyoitwa kwa mtoto wake mtu yeyote aliyejaliwa. Kisha, mwezi wa tatu mwaka juzi, alimtuma Zabibu, mwenye miaka sita, avuke Korongo la Namkuti akachukue pampu iliyoazimwa na mteja. Mjini jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha kule mlimani, juu ya mwamba, na mwamba haunywi maji. Korongo likashuka limejaa pomoni huku watu wameanika nguo. Zabibu walimpata kesho yake, mbali, upande wa kuelekea Lisekese.

Baada ya arobaini, wenye kijiwe walikubaliana bila kikao: jina la mtoto lisitajwe, korongo lisitajwe, wala maji yasizungumzwe mbele ya baba yake. Ndipo Redio akaanza kumwita Spoku, na wengine wakadaka. Ilikuwa huruma, na Bwanali alijua kuwa ni huruma. Lakini ilimuuma. Mtoto wake alizikwa mara ya kwanza na watu mia tatu, na mara ya pili akazikwa na watu wanne kwenye kibao cha kahawa.

Siku hiyo mazungumzo yalikuwa juu ya ramani. Mwezi wa nane alikuja binti mmoja wa mipango miji, Oliva, na simu ya kurekodia. Akawaeleza kwamba mipango ya zamani ilichorwa na watu waliopima ardhi bila kuwauliza wanaoikalia, ndiyo maana miji inachakaa upesi. Safari hii wataanza na hadithi. Kila mtaa useme umetoka wapi, watu wake wanapita wapi, wanaogopa nini, wanapenda nini, na mji uchorwe juu ya hadithi hizo ili hata wajukuu waukute unakalika. Yalikuwa maneno mazuri. Kijiwe kikampokea kwa kahawa na kashata za korosho, kisha kikampiga kamba, uongo mtupu, tangu saa nane mpaka magharibi.

Hawakuwa na ubaya. Ni kwamba katika maisha yao hawajawahi kupata sikio la namna ile. Redio alimhadithia nyoka anayelala chini ya mwamba, mwenye kichwa Masasi na mkia Tandahimba. Profesa akasema Wajerumani walifukia kengele ya shaba nyuma ya soko. Petro akasema wazee wa Newala huteremka na ngoma kila mwaka wakapita pale pale penye mihogo. Oliva akamgeukia Bwanali. "Na wewe baba, una hadithi gani?" Wote wakatazama miguu yao. Bwanali akajibu kuwa yeye anatengeneza baiskeli tu.

Ramani ikatoka. Nyoka amepewa bustani, kengele imepewa uwanja, ngoma ya Newala imepewa njia yenye miti pande zote mbili. Na Korongo la Namkuti, ambalo mwezi wa nane ni mchanga mweupe uliotulia, na ambalo hakuna aliyelisemea neno, likaandikwa eneo wazi, shule ya awali. Ramani ilibandikwa ukutani pale ofisi ya mtaa kwa wiki mbili, na chini yake sanduku la maoni. Mwisho wa maoni ni leo, saa tisa alasiri.

– Hii ramani ina mtu nyuma yake, nawaambia, alianza Redio. Shule iwekwe pale kwa nini? Mchanga! Mkandarasi akichimba msingi anauza mchanga. Akimaliza kuuza anachimba mwingine. Mpaka watoto wawe na shule ya ghorofa tatu kwenda chini.

– We Redio una fikra fupi, alisema Profesa akifuta miwani kwa ncha ya shati. Ramani siku hizi inapigwa kutoka angani. Kule juu ule mchanga unaonekana mweupe, wakadhani ni sakafu. Wamesema, tayari kuna sakafu, tuongeze kuta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa wenye akili hawazibi ufa. Wanangoja ukuta wa bure.

– Profesa, hiyo methali haina maana hiyo.

– Ina maana nyingi. Wewe umeishia darasa la ngapi?

– Mimi nnawaambia ni nyoka, alisema Petro, ambaye huongea akitazama chini ya kikombe. Mmempa nyoka bustani hapa juu. Nyoka akilala sana, si atazeeka? Wameweka watoto hapo chini wapige kelele, nyoka asilale. Ntu wa mipango hana ujinga.

– Mgeni! Nyoka mwenyewe hayupo!

– Hayupo vipi? Si wewe ulisema?

– Nilisema ndiyo. Lakini nilisema fiksi.

– Yuko kwenye lamani, alisema Petro kwa utulivu wote. Wewe na lamani, nani nkubwa?

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Bwanali alizungusha gurudumu la nyuma akalitazama likiyumba. Lilikuwa limepinda, na spoku nne zilikuwa bado hazijakazwa. Alikuwa nalo tangu asubuhi, kazi ya nusu saa.

Kila siku, kwa wiki mbili, amekuwa akingoja mmoja wao aseme. Zaidi alimngoja Redio. Husseni ni Myao na yeye ni Mmakua, ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema hata lile ambalo ndugu wa damu hathubutu. Siku ya mazishi Husseni alikuja kulala mbele ya jeneza njiani, kama wafanyavyo watani, adai haki yake ndipo mwili upite. Alilala, akatazama ule udogo wa jeneza, akainuka bila kudai kitu, analia mbele za watu. Tangu siku hiyo utani ulikufa baina yao. Akabaki kumwita Spoku na kumnunulia kahawa.

Yeye mwenyewe amekwenda ofisi ya mtaa mara mbili. Alipewa fomu, na fomu imeandikwa juu: Eleza hadithi yako kwa ufupi. Alisimama mbele ya sanduku na kalamu ya kuazima. Hadithi ilikuwepo, tena fupi. Lakini kila alipoianza, neno la kwanza lilikuwa lile lile moja: nilimtuma. Akairudisha fomu tupu.

– Saa ngapi sasa? aliuliza.

– Nane na nusu, Spoku. Una safari?

– Nauliza tu.

Nurdin alimimina kahawa ya mzunguko wa pili. Alisimama na birika mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

– Binti yangu Mwanaisha amemwandikisha mjukuu wangu Mujibu jana, alisema.

– Wapi?

– Kwenye hiyo shule ya awali. Mwalimu anapita nyumba kwa nyumba. Niliporudi nikakuta ameshaandikwa.

– Sasa ukasema nini?

– Ningesema nini? Nilisema mtoto bado mdogo. Mama yake akanijibu, ana miaka mitano, baba, udogo wa nini.

Redio alikohoa. Bwanali akamwona anamtazama kwa jicho la pembeni, kisha anaondoa jicho.

– Hapana, si kitu, alisema Redio kwa sauti ya juu kupita haja. Mpaka wajenge, sisi tumeshakufa. Ramani ngapi zimebandikwa kwenye ule ukuta? Ile ya stendi iko wapi? Hii nayo itanyauka kwa jua.

– Na wakijenga? aliuliza Petro.

– Wakijenga, alisema Profesa, kumbukeni iko karibu na hospitali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akivunjika, hospitali hiyo hapo, anafungwa plasta anarudi darasani. Huo ndio mji endelevu.

– Plofesa, watoto hawatavunjika miguu pale, alisema Petro.

Aliposema hivyo akajishika mdomo. Hakuna aliyemuuliza basi watapata nini. Nurdin akaugeuza mgongo wake, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Sema, Husseni, Bwanali alijisemea moyoni. Nitukane ukitaka. Niambie nilimuua mwanangu kwa ajili ya pampu, lakini sema. Mkono wake ukaendelea kukaza spoku ambayo ilikuwa imeshakazwa, mpaka ikalia.

– Kwani tungemwambia ukweli yule binti ingekuwaje? aliuliza Redio ghafla, kama mtu aliyeulizwa. Ukweli wa mtaa huu ni nini? Vumbi. Deni dukani. Yeye alitaka hadithi, sisi tukampa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Nani amepona? aliuliza Nurdin.

Redio akapuliza kahawa yake. Hapo ndipo mwalimu alipofika.

Alikuwa dada wa makamo, mnene kidogo, viatu vimejaa vumbi jekundu, na daftari kubwa amelikumbatia kifuani. Alikuja akitabasamu tangu mbali, kama watu wanaojua wanapeleka habari njema.

– Shikamooni baba zangu.

– Marahaba, mwanetu, karibu kahawa.

– Ahsante, jua kali, nitakunywa. Mimi ni mwalimu Veridiana. Nimehamia hapa kutoka Tandahimba, nimepangiwa shule mpya ya awali. Naandikisha watoto.

– Shule haina hata tofali, mwalimu.

– Wameniambia nikifikisha watoto arobaini, mafundi wanaanza mwezi wa kumi na mbili. Nimeshapata thelathini na moja. Alilifungua daftari akawaonyesha, mistari imenyooka, majina yameandikwa kwa wino wa bluu. Nimetoka kupaona mahali penyewe. Pazuri jamani! Mchanga msafi, watoto hawataumia wakianguka. Nimeshachagua na pa kuweka bembea.

Petro alikunywa kahawa iliyokuwa imekwisha kwenye kikombe chake. Profesa alivua miwani na hakuivaa tena. Mwalimu akaanza na wa mwisho wa ubao, taratibu, kwa adabu ya kwao. Wewe ni baba nani? Baba Regina, alisema Profesa, Regina ameshaolewa Nachingwea. Wewe je? Baba Reginald, alisema Petro, yuko kidato cha pili. Redio akasema yeye ni Baba Esha, na Esha yuko darasa la tano, hakuna mdogo, ahsante. Mwalimu akasogea kwenye kigoda.

– Na wewe baba, shikamoo. Nikuandike Baba nani?

Ni swali ambalo Masasi nzima mtu huulizwa mara kumi kwa siku, na watoto wa miaka mitatu hulijibu kwa niaba ya baba zao. Kwenye Kijiwe cha Kibao halikupata jibu. Nurdin alisimama na kikombe kilichokuwa kinadondosha maji. Bwanali mwenyewe alitazama bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

– Huyo ni Spoku, mwalimu, alisema Profesa mwishowe, kwa sauti ndogo. Huyo wewe mwache tu.

– Baba Spoku! alisema mwalimu kwa furaha, na kalamu ikaanza kutembea. Majina ya siku hizi. Ni wa kike au wa kiume?

Bwanali aliona wino ukikauka kwenye mstari wa thelathini na mbili. Baba Spoku. Angeweza kuyavumilia mengi, na alikwisha kuyavumilia, lakini hilo la kuandikwa alishindwa. Aliinuka.

– Futa hilo.

– Nimekosea, baba?

– Futa. Andika Baba Zabibu.

Pale ubaoni mtu akavuta pumzi. Mwalimu alipiga mstari juu ya jina la kwanza, akaandika la pili kwa uangalifu.

– Zabibu. Jina tamu. Ana miaka mingapi?

– Sita.

– Oo, mkubwa, atanisaidia kuwaangalia wadogo. Ametimiza lini?

– Mwaka juzi.

Mwalimu alianza kuandika, kisha kalamu ikasita. Alimtazama Bwanali usoni kwa mara ya kwanza, halafu akawatazama wengine, na wote walikuwa wameinamisha vichwa.

– Nilimtuma pampu, alisema Bwanali. Nilimtuma mimi. Hapo unapotaka kuweka bembea ndipo maji yalipomchukua. Jua linawaka, mwalimu. Hapa hapakuwa na wingu hata moja. Maji yalitoka mlimani, yanapita hapo kila mwaka yakitaka, na mwaka ule yalitaka.

– Maji? alisema Veridiana. Mbona kwenye ramani hakuna maji?

Hata Profesa hakupata methali ya kupotosha. Huko juu barabarani ikasikika pikipiki inateremka, na wote wakainua macho kwa pamoja. Alikuwa karani wa ofisi ya mtaa, na nyuma yake, limefungwa kwa mipira ya baiskeli, lilikuwa sanduku la maoni, kufuli likigonga gonga ubavuni. Aliwapungia mkono kama kawaida yake, akapita, akashika njia ya mjini. Saa tisa ilikuwa imegonga.

– Nipe hiyo karatasi niiwahishe kwenye sanduku, alisema Bwanali.

Mwalimu hakuuliza. Alichana ukurasa mzima, majina thelathini na mawili kwenye karatasi moja, akampa. Bwanali akaukunja na kuuweka mfuko wa shati. Kisha akaipindua baiskeli ya mteja ikasimama kwa magurudumu yake, akaipanda, akaondoka kuifuata pikipiki. Gurudumu la nyuma liliyumba huku na huku, likikwaruza fremu kila lilipozunguka.

Redio alisimama juu ya ubao. Alikunja viganja mdomoni akapiga kelele, na sauti ilimtoka imepasuka.

– Baba Zabibu! Baba Zabibu we! Spoku nne hazijakazwa!

Bwanali alisikia. Mabega yake yalishtuka, wote waliona, kwa kuwa jina hilo halijapita barabara ile kwa miaka miwili. Lakini hakugeuka. Alizidi kukanyaga, na mbele yake vumbi la pikipiki lilikuwa limeshaanza kutua.

Nurdin aliinamisha birika juu ya kikombe cha mwalimu. Yalitoka mashapo meusi ya kahawa, basi. Veridiana alikipokea kikombe hivyo hivyo, kwa mikono miwili.

– Kwa hiyo mlijua, alisema. Wote mlijua. Sasa yule dada wa ramani alipokuja na kuwauliza, nyinyi mlimwambia nini?

Redio alishuka kwenye ubao. Alikaa, akafuta uso kwa kofia yake.

– Tulimwambia habari za nyoka, alisema.